Maji yalipoongoza: kisa cha mashudu ya hempu na viyeyushi sita

"Mwalimu, maji yameshinda."

Mwanafunzi aliyeniletea daftari asubuhi ile aliyatamka maneno hayo kama mtu anayengoja kukatazwa. Alikuwa ametumia wiki mbili kutoa antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia vingine visiharibiwe na oksijeni, kutoka kwenye mashudu ya hempu kwa viyeyushi sita tofauti. Katika safu ya fenoli jumla, familia kubwa ya antioksidanti za mimea, maji matupu yalikuwa ya kwanza, yameipita asetoni, yameipita methanoli, yameipita ethanoli. Safu ya pili, ile ya uwezo wa kuzima radikali huru (molekuli korofi zinazoanzisha uharibifu huo), ilisema kinyume chake: maji yalikuwa ya tano kati ya sita, nyuma yao ikiwa heksani peke yake. Dondoo ni lile lile, limetoka chupa ile ile, limepimwa siku ile ile.

Matokeo ya namna hii si haba, na mara nyingi huingia kwenye ripoti yakiwa yamepozwa kwa sentensi moja: kwamba fenoli zilizotoka kwa maji zilikuwa nyingi ila dhaifu. Sentensi hiyo naiogopa. Inasikika kama maelezo, kumbe haijaeleza lolote. Tuliamua kulifumua jedwali lile safu kwa safu, na kilichotoka humo naona kinamhusu kila anayechagua kiyeyushi, hata kama hajawahi kuigusa hempu.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea. Hempu ni Cannabis sativa, spishi ile ile ya bangi, ila ni aina zilizochaguliwa ziwe na THC, kemikali inayolevya, kidogo mno, kwa kawaida isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Zipo kamusi zinazoiita katani, lakini neno hilo humpeleka msomaji kwenye mkonge, mmea usio na undugu nayo kabisa. Kwa hiyo nitasema hempu.

Mashudu yenyewe yalitoka kwenye karakana ndogo inayokamua mafuta ya mbegu za hempu bila kuzipasha moto. Mbegu nzima ina mafuta karibu theluthi moja na protini karibu robo. Ikishakamuliwa, mashudu hubaki na mafuta kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi, na protini hupanda hadi kama theluthi ya uzito wote. Protini hiyo msomaji aiweke akilini.

Mwenye karakana alikuwa na swali moja, na lilikuwa swali zuri. Mafuta ya hempu huchacha upesi, kwa sababu zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki, na juu yake ipo asidi ya alfa-linoleniki kwa karibu sehemu moja ya tano, zote mbili zikiwa chakula rahisi cha oksijeni. Alisikia kwamba maganda ya mbegu yana antioksidanti. Je, anaweza kuyaloweka mashudu kwenye maji, akachuja, akakausha, akapata kitu cha kuyalinda mafuta yake? Maji hayalipuki wala hayahitaji kibali. Alikuwa anangoja jibu, na jedwali la mwanafunzi lilikuwa tayari kumpa jibu alilolitamani.

Kilichofanyika

Mashudu yalisagwa, yakapitishwa kwenye chekecheke, kisha gramu 2 zikatiwa katika kila chupa pamoja na mililita 40 za kiyeyushi. Viyeyushi vilikuwa maji, methanoli ya asilimia 80, ethanoli ya asilimia 96, ethanoli ya asilimia 70, asetoni ya asilimia 70 na heksani. Chupa zilitikiswa saa moja kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, zikachujwa. Hapakuwa na kosa la mkono. Vipimo vilirudiwa mara tatu na tofauti kati ya marudio ilikuwa ndogo. Nalisisitiza hili kwa sababu jambo la kwanza linalomjia mtu akiona matokeo ya ajabu ni kumshuku aliyeyapata. Namba zake zilikuwa safi, na zilikuwa zinasema jambo la kweli, ila si jambo tulilodhani tumeziuliza.

Tunatafuta nini humo ndani?

Antioksidanti si kitu kimoja. Ni jina la kazi. Molekuli yoyote iliyo tayari kutoa elektroni au atomu ya haidrojeni ili kuituliza radikali inaweza kuitwa hivyo, na ndani ya hempu zipo familia kadhaa ambazo hazikai mahali pamoja wala hazipendi kiyeyushi kimoja.

Kwenye maganda ya mbegu, mabingwa ni lignanamidi na ndugu zao wadogo. Wawili wanaojulikana sana ni N-trans-kafeoilitiramini na kanabisini B. Ya kwanza ina uzito wa molekuli wa takriban 299. Molekuli 2 za aina hiyo zikiungana na kupoteza haidrojeni 2, hupatikana kanabisini B, yenye uzito wa takriban 596. Zote zina vikundi vya haidroksili vilivyokaa ubavu kwa ubavu kwenye pete ya benzini, mpangilio unaotoa haidrojeni kwa urahisi. Lakini zina pia sehemu kubwa za pete za kaboni ambazo hazina hamu ya maji. Ni molekuli za katikati, mguu mmoja majini na mwingine nchi kavu.

Kwenye mafuta yaliyobaki zipo tokoferoli, familia ya vitamini E, hasa gama-tokoferoli. Hizi ni za upande wa mafuta moja kwa moja. Na mashudu huwa na mabaki kidogo ya kanabinoidi, kundi la kemikali ambalo THC ni mmojawapo, pia, ingawa mbegu haizitengenezi. Ni utomvu wa maua uliogandia kwenye ganda wakati wa kuvuna.

Sasa upande wa viyeyushi. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, hali ambayo wanakemia huiita upolari. Kipimo kimojawapo cha hali hiyo ni namba ya dielektriki: maji yako karibu na 78, methanoli 33, ethanoli 24, asetoni 21, heksani chini kidogo ya 2. Kiyeyushi huyeyusha kinachofanana nacho. Sukari, chumvi na sehemu ya protini hukimbilia majini. Mafuta na tokoferoli hukimbilia heksani. Lignanamidi hutafuta mahali pa kati.

Mtu akiishia hapo atadhani ethanoli ya asilimia 96 ingeongoza, kwa kuwa ni ya katikati na haina maji mengi. Haikuongoza katika safu yoyote. Iliachwa mbali na ethanoli ya asilimia 70, na hilo ni jambo linalojirudia karibu kila anapofanyia kazi mtu maganda ya mbegu. Sababu ni kwamba kutoa si kuyeyusha tu. Punje ya mashudu makavu imekakamaa. Nyuzi zake na protini zake zimeshikana, na fenoli zimebanwa katikati, nyingine zimefungwa kwenye protini kwa bondi za haidrojeni. Maji huingia, huzivimbisha nyuzi na kufungua njia. Pombe au asetoni hufuata njia hiyo, huachanisha fenoli na protini, kisha huzibeba. Ethanoli karibu tupu hukuta milango imefungwa. Maji matupu huifungua, lakini hayana mikono ya kubebea mzigo wenyewe. Asetoni ya asilimia 70 ina sifa ya ziada: ni hodari mno wa kuvunja ushikamano wa fenoli na protini, ndiyo maana wanaofanya kazi na tanini wameitegemea kwa miaka mingi.

Kwa nadharia hiyo, basi, maji yalipaswa kuwa nyuma ya michanganyiko yote mitatu. Yakaongoza.

Safu ya kwanza: rangi ya bluu

Fenoli jumla hupimwa kwa kitendanishi cha Folin-Ciocalteu. Unatia dondoo, unatia kitendanishi cha manjano, unaongeza sodiamu kaboneti, unangoja. Kadiri bluu inavyokolea ndivyo fenoli zinavyohesabiwa kuwa nyingi; mwanga husomwa kwenye nanomita 765 na jibu hutolewa kwa ulinganisho na asidi ya galiki.

Nilimuuliza mwanafunzi: "Kitendanishi hiki kilitengenezwa kupima nini?"

"Fenoli, Mwalimu."

Hapana. Otto Folin na Vintila Ciocalteu walikitangaza mwaka 1927 kwa ajili ya kupima tirosini na triptofani ndani ya protini. Mwaka 1951 kikawa moyo wa njia ya Lowry, ambayo hadi leo hutumika kupima protini. Matumizi yake kwa fenoli za mvinyo yalikaa sawa baadaye, na njia ambayo wengi wetu tunaifuata ni ya Singleton na Rossi ya mwaka 1965. Mvinyo una protini kidogo sana, kwa hiyo huko hakuna ugomvi. Mashudu ya hempu yana protini theluthi nzima.

Tirosini yenyewe ina kikundi cha fenoli. Kitendanishi hakikosei kinapoiona. Kinafanya kazi kiliyozaliwa kuifanya. Protini kubwa ya hempu, edestini, haiyeyuki sana kwenye maji yasiyo na chumvi, lakini albumini, protini yake nyingine, huyeyuka vizuri, na mashudu yana chumvi zake yenyewe za kuivuta hata edestini kiasi. Ethanoli na asetoni zikiwa nyingi hugandisha protini na kuziacha kwenye kapi, yale mabaki yanayobaki baada ya kuchuja. Maji huzichukua.

Hilo lilikuwa wazo tu. Tulilijaribu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya kitoto kabisa, na naipenda kwa sababu hiyo. Tulichukua neli mbili, moja ikiwa na dondoo la maji, nyingine dondoo la asetoni ambalo asetoni yake ilikwisha kuvukizwa na kiasi kufidiwa kwa maji. Tukazitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Baada ya dakika chache neli ya kwanza iliingia weupe, kwanza kama moshi, halafu mabonge madogo yakaanza kuzama, kama ute wa yai ukikutana na joto. Neli ya pili ilibaki ang'avu, rangi ya chai hafifu. Mwanafunzi aliinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha na hakusema kitu kwa muda.

Njia ya pili ilitumia PVPP, unga wa plastiki usioyeyuka ambao hunasa polifenoli. Watengenezaji wa bia huutumia kuondoa zile zinazoifanya bia iwe na ukungu. Unautia kwenye dondoo, unatikisa, unazungusha kwenye sentrifyuji, kisha unapima Folin upya kwenye maji ya juu. Bluu iliyopotea ilikuwa ya polifenoli. Bluu iliyobaki ni ya kitu kingine: protini, sukari aina fulani, vitamini C. Dondoo la asetoni lilipoteza sehemu kubwa ya bluu yake. Dondoo la maji lilipoteza kidogo tu. Kuveti yake, kile kichupa cha kusomea mwanga, ilikuwa bado imekolea bluu, imesimama karibu na ya asetoni iliyokuwa imepauka. Njia hii haijakamilika, kwa sababu fenoli ndogo sana huponyoka PVPP, lakini kwa pengo la ukubwa ule haikuacha mjadala.

Tulipoandika tofauti kati ya kabla na baada, badala ya bluu yote, maji yalishuka hadi nafasi ya nne: chini ya asetoni, ethanoli ya 70 na methanoli, juu ya ethanoli ya 96 na heksani.

Safu ya pili nayo ilikuwa na lake

Hapa mwanafunzi alitaka kufunga daftari. Kosa limepatikana: safu ya kwanza iliyapendelea maji, safu ya pili ndiyo ya kuaminiwa. Lakini safu ya pili iliyaweka maji nafasi ya tano, nyuma ya ethanoli ya 96, na safu iliyosahihishwa iliyaweka ya nne. Nafasi moja tu. Ingekuwa rahisi kuipuuza, na nafurahi hatukufanya hivyo.

Kipimo kilikuwa DPPH, kilichoelezwa na Blois mwaka 1958. DPPH ni radikali iliyotulia, yenye rangi ya zambarau iliyoiva. Ikipewa haidrojeni hugeuka manjano hafifu, na kupungua kwa zambarau husomwa kwenye nanomita 517. Mwanga ukipita kwa wingi, dondoo lina nguvu. Mwanga ukizuiwa, dondoo ni dhaifu.

DPPH haiyeyuki kwenye maji. Yetu ilikuwa kwenye methanoli, kama kawaida. Sasa fikiria tone la dondoo la maji, lililojaa protini, linavyodondoka ndani ya methanoli. Protini hugandishwa papo hapo. Tuliirudia hatua hiyo polepole, tukaangalia kuveti kwa ubavu: uzi mwembamba wa weupe uliteremka kutoka kwenye tone, ukatawanyika, na zambarau yote ikawa na utusitusi. Utusitusi huo huzuia mwanga. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, haijui kutofautisha mwanga uliofyonzwa na rangi na mwanga uliotawanywa na vumbi la protini. Inaandika namba moja. Kwa hiyo mashine iliona zambarau nyingi kuliko iliyokuwepo, ikalihukumu dondoo la maji kuwa dhaifu kuliko lilivyo.

Maji, basi, yalikuwa yamepewa yasichostahili katika safu ya kwanza na kunyimwa haki yao katika safu ya pili, na sababu katika safu zote mbili ilikuwa protini ile ile.

Dawa haikuwa ngumu. Kila neli ilizungushwa kwenye sentrifyuji kabla ya kusomwa, na kila dondoo likapewa sampuli tupu yake, yaani dondoo ndani ya methanoli isiyo na DPPH, ili rangi na utusitusi wake vitolewe kwenye hesabu. Kisha tukaongeza kipimo cha ABTS, ambacho radikali yake ya bluu-kijani hufanya kazi kwenye maji na kwenye pombe vilevile, husomwa kwenye nanomita 734, na hivyo hakimlazimishi mtu kuhamisha dondoo la maji kwenye pombe. Katika vipimo vyote viwili maji yalikaa nafasi ya nne. Safu tatu sasa zilikuwa zinasema neno moja.

Kuna jambo jingine tuliloliona pembeni, ambalo halimo kwenye namba lakini lingemgusa mwenye karakana. Dondoo la maji lililoachwa mezani lilianza kuwa kahawia kabla ya jioni. Yale ya ethanoli na asetoni hayakubadilika. Maji hayazimi vimeng'enya vinavyooksidisha fenoli, pombe huvizima. Mtu anayeloweka mashudu kwa maji usiku kucha anaweza kuwa anatoa antioksidanti kwa mkono mmoja na kuziharibu kwa mwingine, bila kutaja vijidudu ambavyo maji yenye protini na sukari huvialika.

Heksani haikuwa tupu

Heksani ilipata karibu sifuri kila mahali, na hakuna aliyeshangaa. Nilimwomba mwanafunzi asiridhike nayo pia.

Kitendanishi cha Folin kiko ndani ya maji. Mafuta yenye tokoferoli yakitiwa humo hukaa juu kama duara la kung'aa na hayakutani na kitendanishi. DPPH yetu iko ndani ya methanoli, na mafuta hayachanganyiki nayo vizuri. Sifuri ile haikumaanisha kwamba hakuna antioksidanti. Ilimaanisha kwamba antioksidanti na kipimo havikukutana. Tulipoiyeyusha DPPH kwenye ethili asetati, ambayo hupokea mafuta, dondoo la heksani liliifanya zambarau ififie polepole, kwa dakika nyingi, lakini ikafifia.

Hapa ndipo kisa chote kiliponikaa sawa kichwani. Tulikuwa tunasema tumechagua viyeyushi sita. Kwa kweli kila dondoo lilipitia viyeyushi viwili: kile cha chupani kilicholitoa, na kile cha kuveti kilichopokea ushahidi wake. Cha kwanza tulikifikiria kwa wiki nzima. Cha pili kilikuja na maelekezo ya kipimo, na hakuna aliyekiuliza swali. Mabishano mengi kuhusu kiyeyushi bora nadhani huanzia hapo.

Mililita zilizobaki kwenye kapi

Lipo kosa moja zaidi, dogo, na ni la hesabu. Mashudu yaliyoloweshwa maji huvimba na kushika kioevu kingi kuliko yaliyoloweshwa heksani. Mwanafunzi alihesabu kana kwamba mililita 40 zote zimerudi. Tuseme kapi limeshika mililita 6. Kama kilichoyeyuka kimesambaa sawasawa, asilimia 15 yake imebaki kwenye kapi. Ukizigawa zile mililita 40 mara mbili, 20 kisha 20, mzunguko wa kwanza unaacha asilimia 30, na wa pili, ambapo 6 zilizobaki zinakutana na 20 mpya, unaacha 6 kati ya 26 ya hiyo 30, yaani karibu asilimia 7. Kiyeyushi ni kile kile kwa kiasi, hasara imepungua kwa zaidi ya nusu. Tangu siku hiyo tunatoa mara mbili, na tunapima kilichorudi.

Jibu kwa mwenye karakana

Alitaka jina la kiyeyushi, na ana haki ya kulipata. Lakini kwanza tulimwonyesha kwamba kuna namba mbili, na zote anazihitaji. Ya kwanza ni kiasi cha antioksidanti kwa kila gramu ya mashudu: inamwambia atapata nini kutoka kwenye gunia. Ya pili ni kiasi kwa kila gramu ya dondoo kavu: inamwambia atie kiasi gani kwenye chupa ya mafuta. Maji hutoa dondoo zito, lililojaa sukari, chumvi na protini, na antioksidanti zimezama katikati ya vitu hivyo. Kwa namba ya pili maji yalianguka vibaya zaidi kuliko kwa ya kwanza. Tena dondoo hilo likivukizwa hutoa povu hadi shingo ya chupa, na kukausha maji kwenye nyuzi 40 ni kazi ya saa nyingi.

Asetoni ya asilimia 70 iliongoza kwa namba zote mbili. Sikuipendekeza. Ethanoli ya asilimia 70 ilikuwa nyuma yake kwa hatua ndogo, na mbele ya hatua hiyo kuna mambo mengine ya kupima. Asetoni tupu hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na karakana ya kukamulia ina mota na cheche. Kwa masalia, miongozo ya kimataifa ya dawa huziweka asetoni na ethanoli kundi moja lenye hatari ndogo, kikomo kikiwa 5000 kwa milioni. Methanoli iko kundi kali zaidi, 3000, na heksani 290 tu, kwa sababu hushambulia neva. Kwa kitu kitakachoingia kwenye mafuta ya kula, ethanoli ndiyo niliyoweza kuisemea bila kusita.

Kama angeniletea maua na majani badala ya mashudu, ningeanza upya. Huko protini si tatizo kubwa; tatizo ni klorofili, ambayo ethanoli hubeba kwa wingi, na kanabinoidi kama CBD, ambazo zenyewe ni antioksidanti na hupenda viyeyushi vya upande wa mafuta. Wengine hupoza ethanoli chini ya sifuri ili iache nta nyuma, wengine hutumia kaboni dioksidi iliyobanwa juu ya nyuzi 31 na bar 74, ambayo peke yake hufanana na heksani kwa tabia na hukosa fenoli nyingi mpaka iongezewe ethanoli kidogo. Hicho ni kisa kingine.

Likabaki jambo ambalo jedwali letu, hata baada ya kusahihishwa, halikuwa na uwezo wa kulijibu. Dondoo la ethanoli ya asilimia 70 haliyeyuki vizuri kwenye mafuta. Linaweza kukaa kwenye mpaka wa vitone vidogo vya maji vilivyomo ndani ya mafuta na kufanya kazi nzuri kutokea hapo, au likazama chini na kuwa uchafu. DPPH, ABTS na Folin hazina mafuta ndani yake, kwa hiyo haziwezi kutuambia. Tulimwambia hivyo waziwazi: asiloweke kwa maji matupu, aanze na ethanoli ya asilimia 70 mara mbili, na asinunue vifaa vikubwa mpaka mafuta yenyewe yatoe ushahidi.

Mwanafunzi alipanga chupa nane kwenye tanuri la nyuzi 60: mbili za mafuta matupu, mbili zenye dondoo la ethanoli, mbili zenye dondoo la asetoni, mbili zenye dondoo la maji. Kila siku ya tatu anachota kidogo na kupima peroksidi, dalili ya mafuta kuanza kuchacha. Kabla ya kufunga mlango wa tanuri alirudi kwenye daftari, akapiga mistari ya jedwali jipya. Pale palipokuwa na safu moja iliyoandikwa "kiyeyushi" akaweka mbili: "cha kutolea" na "cha kupimia". Chini ya ile ya pili, kwenye mistari yote minane, aliandika neno moja: mafuta.